Kona ya Mama Mbambu

Mama Mbambu alikuwa mtu wa kujibu. Ukimsalimu anajibu, ukimsengenya anakujibu kabla hujamaliza. Alivuka mpaka kutoka Beni, Kongo, mwaka 1964, wakati wa vita, na binti yake Kahambu, akafungua kibanda cha chai hapa Bwera, Uganda, jirani kabisa na mimi, Tabisa.

Alikuwa na mchezo alioachiwa na Mjapani mmoja, mpimaji wa barabara, aliyepanga kwake msimu mmoja wa mvua. Unaitwa go. Ni ubao wa mistari. Mmoja anaweka maharage meusi panapokutana mistari, mwenzake meupe, na anayezungushia eneo kubwa ndiye mshindi. Kona ndiyo shamba bora, maana pande mbili tayari zina ukingo. Basi ukishaweka kete yako konani, adui huja kupiga hodi karibu yake. Hapo unaweza kujilinda kwa upole, au kumbana mgeni kwa upande wa pili, au kumpuuza ukacheza kwingine. Mbambu hakupuuza hata siku moja. "Mutu akikaribia kona yako, umubane palepale!" Mimi alijaribu kunifundisha, nikasinzia.

Aliyedumu ni Bwambale, kijana wa Kyondo, kule mlimani, aliyeshusha kahawa sokoni kila Ijumaa. Ijumaa ndiyo iliyokuwa sikukuu ya Mbambu; wao wakicheza, Kahambu aliwamiminia chai.

Mwaka 1971 Bwambale akaja na baba yake mdogo, Yeseri, wakivuta mbuzi. Mbambu alikuwa ameshapanga ubao. "Kuya ukae!" Bwambale akageuza uso, akatazama ukuta.

"Mama," Yeseri akasema, "sisi tulikuja kuomba Kahambu."

Nilishtuka mpaka nikaunguza mandazi. Kwetu Bakonzo, na kwa Wanande wa ng'ambo pia, mkwe na mama wa mke hawatazamani usoni, sembuse kukaa goti kwa goti. Kukubali ilikuwa kumpoteza mchezaji wake wa pekee. Angeniuliza mimi, ningemrudisha kijana na mbuzi wake. Mbambu alilia waziwazi, kisha akampokea mbuzi.

Lakini kuacha mchezo hakuweza. Akapanga kwamba Ijumaa, Kahambu akishuka na mumewe, Bwambale ajifiche nyuma ya jiko na ubao wake uliochorwa chini, naye Kahambu apeleke na kuleta habari za kila kete. Mkwe hujificha, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kutomwona. Tulicheka tu. Na Mbambu akaanza kushindwa! Akimbana mgeni konani, mkwe anampuuza, anacheza mbali, halafu kona inaliwa polepole. "Ndoa imemufungua akili!" alisema, macho yamemtoka.

Ijumaa moja nilipitia nyuma kuomba makaa. Nikamkuta Kahambu amechuchumaa peke yake juu ya ile michoro, kidole kidevuni. Alifikiri sana, akainuka, akaingia ndani. Nikamsikia: "Bwambale anasema hapa."

Na mimi ulimi wangu hauna kufuli. Nikaingia. "Mbambu, unacheza na nani? Huko nyuma hakuna mtu!"

Maharage yalimtoka mkononi. "Bwambale iko wapi?"

"Iko Kikorongo, anapakia lori," Kahambu akasema, kichwa chini. "Tangu ndoa hakukuyaka hata Ijumaa moja, Mama. Ule mchezo haukumupendezaka. Zamani alikuwa anakuya juu yangu, anione."

Nilidhani atampiga kofi. Mbambu akainama, akaokota maharage yake moja moja.

"Na wewe?" akauliza mwishowe. "Wewe unakuya juu ya nini?"

"Juu ya muchezo. Ungejua ni miye, ungenionea huruma."

Mbambu akavuta kiti cha pili, akakipangusa kwa pindo la kitenge chake.

"Kaa hapa mbele yangu," akasema. "Mwaka muzima nacheza na ukuta, na mutoto yangu iko hapa."