Gusa Kwanza, Ndipo Ujibu

Watu wakisikia nyumba fulani ina ndege, hawasikii tena kitu kingine. Siku habari ilipoenea mtaani kwetu, muuza nyanya alinipandishia bei papo hapo, mchana kweupe, akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye mwenye makosa. Kaka yangu, ambaye kwa miaka mitatu hakupata nafasi ya kuja kunijulia hali, alitokea na suti mkononi akitaka kujua kama shemeji yake anaweza kumtupa mara moja kwenye harusi ya mkubwa wake wa kazi, na kama ndege ile ina honi. Nilimpa chai. Nikamwambia honi ipo, breki ndizo hazipo. Hajarudi mpaka leo.

Ukweli ni kwamba mume wangu alinunua ndege iliyomzidi umri mtoto wetu wa kwanza. Ilikuwa na viti vinne, injini moja, propela moja mbele, mabawa juu ya paa, na ndani harufu ya zulia lililolowa likasahauliwa. Yeye alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minne. Alizunguka kwa miguu na kile chombo chake cha miguu mitatu begani, akigombana na watu wanaohamisha mawe ya mipaka, na akirudi nyumbani wimbo ulikuwa ule ule: laiti angeiona ardhi yote ile kutoka juu kwa dakika kumi tu. Alijifunza urubani akiwa na miaka hamsini, darasa moja na vijana waliomwita babu. Alipostaafu, kiinua mgongo na shamba la urithi viliishia kwenye ndege. Nilinuna mwezi mzima. Kisha siku moja nikamkuta anaifuta kioo kwa shati lake la kuvaa kanisani, anaisemesha taratibu, nikaona huyu mtu simwezi. Nikachukua kitambaa nikamsaidia.

Nilichojifunza haraka ni kwamba mwenye ndege anaishi chini. Kwa kila saa moja ya kuruka kuna saa nne za kusugua, kupaka grisi, kujaza tairi upepo na kutafuta karatasi fulani ambayo juzi tu ilikuwa hapa. Shomoro waliipenda injini ile kuliko miti yote ya kiwanja cha ndege. Ukikaa siku tatu bila kufika, fundi wa ndege anatoa majani ya viota vyao ya kujaza ndoo. Fundi huyo alikuwa mtu wa maneno machache, mwembamba, na alipenda kusema kwamba ndege haianguki kwa kitu kikubwa. Mume wangu alikuwa anatoka nyumbani asubuhi na chupa ya chai, anarudi mchana mikono myeusi na moyo mweupe. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yetu, na siku hiyo nilikuwa nimependeza.

Kazi yangu pale ilikuwa kusoma. Mimi nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, ndiyo maana kila mtu ananiita Sista, mume wangu akiwemo. Kabla ndege haijawashwa kuna orodha ya mambo ya kukagua, kurasa mbili zilizowekwa ndani ya plastiki. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa: mimi nitasoma kwa sauti, wewe utagusa kwa mkono, ndipo ujibu "nimeona." Hutagusa, hutajibu. Alikubali kwa sababu ni mtu wa vipimo, na kwa sababu anajua kwa nini nilisema vile.

Nilipokuwa kijana kazini tulikuwa tukihesabu vitambaa vya kufyonzea damu namna hiyo hiyo, kabla mgonjwa hajashonwa. Mmoja anataja, mwingine anagusa, anajibu. Siku moja daktari mkuu alikuwa na haraka, na mwenzangu akajibu "vimetimia" macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Niliusikia uvivu ndani ya sauti yake. Nilinyamaza, maana nilikuwa mdogo na daktari alikuwa mkali. Mama tuliyemshona alirudi siku ya tisa na homa, kitambaa kimoja kimebaki ndani. Alipona, lakini hakuzaa tena. Hakuna aliyeniuliza kitu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo naijua sauti ya mtu anayejibu bila kugusa. Niliisikia kwa mume wangu mwezi wa saba tangu tuinunue ndege. Mwanzoni mkono ulikuwa unachelewa kidogo nyuma ya mdomo. Kisha mkono ukawa hauendi kabisa. Nikimkumbusha anacheka, anagusa. Wiki moja alinipigia simu kutoka kiwanjani kuuliza funguo za gari ziko wapi, na mimi nikawa nasikia gari linanguruma pale pale alipo. Tulicheka wote wawili. Nilijiambia uzee huo, hata mimi naingia chumbani nisijue nimefuata nini. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Na kulikuwa na jambo la kutufanya tujidanganye. Binti yetu alikuwa amekuja kujifungulia kwetu. Mume wake anafanya kazi ng'ambo ya milima, mwendo wa siku moja na nusu kwa basi, na kwa ndege saa moja na dakika ishirini. Tangu mimba ina miezi minne, babu aliahidi kwamba mjukuu atarudishwa kwa baba yake kwa njia ya angani. Mtoto alizaliwa wa kiume. Alipotimiza miezi mitatu, safari ikapangwa Jumamosi.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kuipasha moto injini. Nilibaki nyuma kuongea na fundi, na nilipofika kwenye ndege nikamkuta mume wangu ameshakaa kwenye kiti cha rubani, mkanda amefunga.

"Nje nimeshamaliza," akasema. "Nimegusa yote. Wewe soma tu, jua kali hili."

Haikuwahi kutokea. Nilikaa, nikafungua karatasi, nikasoma.

"Tangi la kulia?"

"Nimeona."

"Tangi la kushoto?"

"Nimeona."

"Vifuniko vya matangi?"

"Nimeona."

Alikuwa anaangalia mbele, mikono mapajani. Majibu yalikuwa yanakuja kabla sijafunga mdomo. Sijui nini kilinisukuma. Nilitazama karatasi kama ninasoma, nikasema kwa sauti ile ile:

"Mlango wa jikoni?"

"Nimeona."

Nilishusha karatasi. Nje fundi alikuwa anagonga kitu, akaacha, akagonga tena.

"Baba watoto, nimekuuliza mlango wa jikoni."

Alicheka, lakini kicheko kilichelewa. "Nilikusikia bwana. Nilikuwa nakutania."

Nilitaka sana kumwamini. Nimeishi naye miaka thelathini na minane, na utani ndio uliotufikisha. Lakini niliteremka, nikachukua ngazi, nikapanda kuangalia juu ya mabawa. La kulia lilikuwa sawa. La kushoto, kifuniko kilikuwa kimelala pembeni ya tundu, na kijiti cha kupimia mafuta kilikuwa bado kimesimama ndani ya tangi. Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Fundi alishanieleza kwamba tangi likiachwa wazi, upepo unayanyonya mafuta yote angani, na rubani anajua injini ikishazima.

Nilikifunga kifuniko. Nikashuka na kile kijiti, nikakiweka mapajani kwake. Alikigeuza mkononi.

"Nani amekiacha huku?" akauliza.

Hapo hapakuwa na utani. Nilimwona usoni, alikuwa anauliza kweli.

Hatukuwasha injini. Tukiwa kwenye gari, mimi ndiye naendesha, nikamwambia kesho asiwachukue binti na mtoto.

"Nimeahidi."

"Utaahidi tena. Kwanza twende kwa daktari."

"Wewe na hospitali zako! Mtu akisahau kifuniko tayari ni mgonjwa? Wewe husahau?" Kisha akashusha sauti. "Usimwambie binti yetu, Sista. Nakuomba. Aniangalie kama anavyoniangalia siku zote. Kesho tu."

Nyumbani nilimkuta binti yangu anakunja nguo za mtoto, anaimba, begi liko wazi kitandani. Nilikaa pembeni yake nikakunja naye. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikauliza kama amepakia sweta. Mara ya pili nikasema nguo ile ya kijani imemfupia. Nilijichukia kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa tena yule muuguzi mdogo aliyenyamaza, tofauti safari hii ni kwamba daktari mkuu nilimpenda. Nilichoweza kufanya ni kuchukua ufunguo wa ndege kwenye msumari wake na kuutia mfukoni mwangu. Nikaapa kwamba orodha itasomwa kama inavyosomwa chumba cha upasuaji, na kikikosekana kitu kimoja, kimoja tu, ufunguo hautoki.

Jumamosi kulipambazuka bila wingu. Tulipofika kiwanjani mume wangu hakuuliza ufunguo uko wapi. Alisimama mbele ya propela, akasema, "Sista, soma. Taratibu."

Nilisoma. Alinyoosha mkono, akagusa, akajibu. Tulizunguka ndege nzima hivyo. Alipanda ngazi mwenyewe, akapima mafuta, akafunga vifuniko, akavijaribu kwa kuvivuta. Alichota mafuta kidogo kwenye kikombe, akakiinua juani kuangalia kama yana maji. Kwenye gurudumu la kushoto alipitisha vidole, akamwita fundi, akamwonyesha nati iliyolegea, fundi akaikaza huku akitikisa kichwa kwa heshima. Binti yangu alikuwa amesimama kivulini na mtoto begani, anatabasamu. "Baba hapitwi na kitu," akasema. Nilianza kujionea aibu. Nilimwangalia mume wangu, mgongo umenyooka, shati limepigwa pasi, nikafikiri labda jana ilikuwa jana tu, labda ni jua. Nilikuwa natamani hivyo.

Tukapanda. Yeye na mimi mbele, binti na mtoto nyuma. Ukurasa wa pili nao ukaenda vizuri. Milango. Usukani. Mita moja baada ya nyingine, kila moja akaigonga kwa ukucha kwanza, ndipo akajibu. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, umeshika ufunguo. Limebaki neno moja.

"Abiria?"

Hapo rubani anatakiwa kugeuka, kumtazama kila mtu, kushika mkanda wake, na kumtaja. Ni utaratibu wetu wenyewe, alipenda kuufanya kwa mbwembwe. Alinigusa mkanda, akasema, "Sista, mke wangu." Akageuka nyuma, akavuta mkanda wa binti yetu, akamtaja kwa jina lake la utotoni, binti akacheka. Kisha akanyoosha mkono akashika mguu wa mtoto, kile kimguu ndani ya soksi.

"Na huyu ni..."

Tulingoja. Binti yangu aliendelea kutabasamu, akidhani babu anafanya mchezo. Mume wangu alikuwa ameushika ule mguu vizuri, anauangalia, midomo inasogea kidogo. Jina lile alilitoa yeye. Ni jina la baba yake mzazi. Siku mtoto anazaliwa alilipigania mbele ya wakwe mpaka wakakubali, na kwa miezi mitatu alikuwa akiliita kila asubuhi kutoka ukumbini kabla hajanywa chai.

Mtoto alipiga teke. Yeye hakuuachia mguu. Aligeuza kichwa akanitazama, na machoni mwake hapakuwa na ubishi wa jana. Palikuwa na hofu, na nyuma ya hofu palikuwa na yule mpima ardhi ambaye hakuwahi kutia sahihi kipimo asichokiamini.

"Sista," akasema polepole, "nisaidie."

Nilimtajia. Alilirudia jina mara mbili, kwa sauti ya chini, akampapasa mtoto mguuni, akaurudisha mkono wake. Akakaa sawa akiangalia njia ya kurukia, ndefu, nyeupe kwa jua. Mimi tayari nilikuwa nalia na sikujificha.

"Hilo sijaona," akasema. "Ufunguo baki nao."

Akafungua mkanda wake. Binti yangu aliinama mbele katikati yetu, akanitazama mimi, akamtazama yeye, uso umembadilika.

"Baba, kuna nini? Ndege imeharibika?"

Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa binti, akaupigapiga kama alivyokuwa akifanya zamani mtoto akiamka na ndoto mbaya.

"Hapana, mama," akasema. "Ndege haina neno."