Vitufe Vyekundu vya Nasra

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Nasra ni vidole vyake. Havitulii. Mtu akizungumza karibu naye, vidole hivyo huanza kuyapiga maneno yake juu ya paja, juu ya mkoba, hata juu ya kiti cha toleka anapopakiwa nyuma ya baiskeli kwenda Makiso, katikati ya Kisangani. Msibani vimewahi kuonekana vikiandika mawaidha juu ya mkeka, huku uso wake umeinama kwa heshima. Wanaomfahamu hawamcheki. Wanajua kwamba vidole hivyo ndivyo masikio ya mdogo wake.

Mdogo wake, Nadia, aliugua homa kali alipokuwa shule ya msingi. Homa ilipomwacha, iliondoka na usikivu wake. Sauti ilibaki, na anasema vizuri, ila mara nyingine kwa nguvu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Tangu hapo Nasra, ambaye Nadia humwita Yaya, yaani dada mkubwa, akawa anamwandikia: masomo, habari za mezani, vichekesho vya jirani. Baadaye kuandika kukawa kazi yake. Anapiga kwenye kompyuta kazi za wanafunzi, katika chumba kidogo alichokodi mjini, na hakuna anayemfikia kwa kasi.

Sasa ilikuwa zamu ya Nadia kuhitimu. Alikuwa amemaliza kazi yake ya mwisho, juu ya biashara ya samaki wa kukausha wanaoletwa kwa reli kutoka Ubundu, na kilichobaki ni kuitetea mbele ya jopo la maprofesa. Dada hao wawili waliomba Nasra aketi ukumbini, aandike kila swali linapotamkwa, maneno yatokee kwenye skrini mbele ya Nadia, naye ajibu kwa mdomo wake. Profesa Basile, mwenyekiti wa jopo, hakukataa. Alitaka tu kuona kwanza inavyokwenda.

Siku ya jaribio hilo ndipo wasiwasi ulipoanza. Vitufe vya kompyuta yenyewe vilikufa nusu tangu vimwagikiwe chai, kwa hiyo Nasra aliunganisha kibodi yake ya kazini, nzito kama tofali, aliyoinunua wakati ofisi moja ya wageni ilipofungwa. Chini ya kila kitufe mna swichi yake yenye chemchemi, na kila swichi hulia tak! Mjini, kati ya honi na jenereta, mlio huo ulimfurahisha. Katika chumba cha Profesa ulikuwa kama mawe juu ya bati.

“Mademoiselle,” Profesa alisema, akiziba sikio moja, “hii clavier yako inasema kuliko mimi. Wenzangu hawatavumilia. Utafute yenye kunyamaza. Ama sivyo, tutamwandikia Nadia maswali kwenye karatasi.”

Nadia aliisoma sentensi hiyo kwenye skrini, na uso ukambadilika.

“Karatasi ni mtihani,” alisema walipotoka nje. “Mimi nataka kutetea. Waniulize, niwajibu, wakasirike, niwajibu tena. Yaya, hiyo mashine, fanya inyamaze.”

Ilikuwa rahisi kusema. Swichi za kibodi hiyo huchomolewa kwa koleo ndogo, bila moto wala risasi ya kulehemu, zikawekwa nyingine. Lakini Kisangani nzima hakuna aliyeziuza. Nasra alisoma kwenye mtandao mpaka macho yakamuuma. Aligundua kwamba mafundi huziita swichi kwa rangi: za buluu hulia, za kahawia hushtuka kidogo chini ya kidole, nyekundu huteleza tu. Na kuna nyekundu zilizotengenezwa zisitoe sauti. Akaamua hizo. Kisha akaanza kuogopa kwamba ameamua vibaya.

Bahati nzuri mjomba wao, Tonton Mahmoudi, alikuwa Dubai kununua vitambaa. Nasra alimtumia ujumbe wa sauti, akaurudia mara nyingi kabla hajautuma: “Tonton, uniletee za rouge, zile za silence, za clavier. Nakuomba sana. Nisipozipata, wataniondoa ukumbini.” Mtandao ukakatika. Uliporudi, jibu lilikuwa kidole gumba tu.

Tonton Mahmoudi aliporudi, alifika kwao kabla hata ya kupumzika. Akaweka mezani boksi zuri, akalifungua kwa mbwembwe. Ndani vilipangwa vifuniko vya vitufe, vinene, vyekundu kama pilipili, kila kimoja na herufi yake nyeupe.

Nasra alichukua kifuniko kimoja, akakigeuza. “Tonton... hizi iko vifuniko. Mimi nilitaka swichi.”

“Wewe ulisema rouge. Nimeleta rouge. Rouge kupita hii iko wapi?”

“Rouge ni jina, Tonton! Haiko rangi ya juu. Ni ya ndani, ile haionekane!”

“Alors, kitu haionekane, miye nitaijuaje na rangi yake?” Tonton Mahmoudi alikuwa ameumia. Kisha akapapasa mfuko wa kanzu. “Bon, ngoja. Yule muuzaji aliniuliza, na za chini? Nikamwambia, weka zile hazitaamsha mutoto. Yeye naye hakujua ni zipi bora, akanipa namna mbili.”

Vikatoka vifuko viwili vya swichi, kila swichi na ulimi wake wa kubonyezwa: katika kimoja wa waridi, katika kingine mweupe. Hakuna hata moja nyekundu. Nasra alivishika mikononi bila kujua acheke au alie.

Za waridi ziliteleza kama siagi. Lakini vidole vya Nasra vimezoea kupigana, na bila kizuizi vilipitiliza: herufi moja ikawa mbili, swali likawa upuuzi. Nyeupe zilikuwa na kinundu kidogo katikati ya njia. Je, zilikuwa na kelele zaidi? Nasra aliinamisha sikio mpaka akachoka. Kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyosikia kelele kila mahali, hata pumzi zake.

“Ondoa masikio yako,” Nadia alisema. “Yamechoka. Leta yangu.”

Akalaza kiganja juu ya meza, akafumba macho. Nasra akapiga kwanza za waridi, kisha nyeupe, kisha akarudia.

“Za kwanza zinanipiga mkono,” Nadia alisema. “Za pili ni kama mutu anatembea bila viatu.”

Ilikuwa kweli. Kinundu kilikiambia kidole cha Nasra kwamba herufi imeshaingia, kikaacha mapema, kabla ya kugonga chini. Wakachagua nyeupe. Nadia akakunja kitenge akakiweka chini ya kibodi, akalaza kiganja tena, akatikisa kichwa: hasikii kitu.

“Lakini wewe huwa husikii kitu,” Nasra aliandika.

“Ndiyo maana uniamini. Nina mazoezi.”

Vikabaki vifuniko. Vile vyeusi vya zamani vilikuwa vyembamba na bado viligonga. Vyekundu vilimeza sauti, ila herufi zake zilipangwa kwa Kiingereza, huku kompyuta na vidole vya Nasra vikifuata mpangilio wa Kifaransa: Q ilikuwa mahali pa A, W mahali pa Z, na M imekimbilia safu ya chini. Nasra alijaribu kuvibadilisha mahali, lakini kila safu ina mteremko wake, na vidole vikajikwaa. Akavirudisha kama vilivyotoka kiwandani. Haidhuru, alijiambia, hata hivyo huandika bila kutazama.

Haikuwa kweli yote. Nasra akiogopa, hutazama mikono yake.

Walilijua hilo siku ya mazoezi, Tonton Mahmoudi alipovaa koti na kujifanya profesa. Alikaa ameinua kidevu, akauliza kwa Kifaransa kizito juu ya ununuzi wa samaki kule Ubundu, bei yake, usafiri wake, akazidi kukaza sauti. Nasra akaingiwa na hofu. Akainama, akaitafuta A kwa macho, na mahali pa *achat*, yaani ununuzi, skrini ikaandika *qchqt*.

“Yaya,” Nadia alisema kwa sauti ya ng'ambo ya mto, “samaki wa Ubundu wanaongea luga gani?”

Tonton alicheka mpaka akavua koti. Nasra hakucheka. Akilini aliuona ukumbi, maprofesa wamenyamaza, mdogo wake amesimama mbele ya skrini iliyojaa takataka, na mtu anasukuma karatasi kuelekea kwake.

Nadia akamtazama. Kisha akaenda chumbani, akarudi na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ile ya sherehe. Akavua vifuniko, akavipanga dirishani, akaanza kupaka herufi moja baada ya nyingine, akizifuta zote usoni mwa vitufe.

“Unafanya nini?”

“Naondoa kitu cha kutazama,” Nadia alisema. “Ukiogopa, utainama, utakuta nyekundu tupu. Basi utaniangalia mimi.”

Waliporudi kwa Profesa Basile, Nasra aliketi akimkabili mdogo wake. Profesa alisimama nyuma yake, akatega sikio, akangoja. “Bon,” alisema mwishowe, “unaweza kuanza.” Nadia akamwonyesha skrini. Maneno hayo yalikuwa tayari pale. Profesa aliyasoma taratibu, akasema Jumamosi, na wasichelewe.

Leo ni Jumamosi. Wameketi kwenye benchi nje ya ukumbi, kibodi imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto. Nasra ameikagua betri ya kompyuta na bado anataka kuikagua, kwa sababu umeme ulikatika alfajiri na ukarudi, na hakuna ajuaye utakaa muda gani. Ndani viti vinaburutwa. Maprofesa wanakohoa. Mlango bado umefungwa.

Nadia, amevaa nguo mpya, amelaza kiganja juu ya ubao wa benchi.

“Yaya,” anasema, bila kugeuka, “unapiga nguvu tena.”

Nasra anatazama chini. Vidole vyake viko pajani, vinaandika. Anavikunja, anainua uso, na kitasa cha mlango kinaanza kuzunguka.