Boza Lililoogopa Kumlowesha Mama

Barabara yetu ya Mshangano ni ya udongo mwekundu, na malori ya kokoto kutoka machimboni hupita hapo kutwa nzima. Mama yangu, ninayeishi naye, ana pumu. Kiangazi kilichopita vumbi lilimbana hadi akawa analala ameketi, kaegemea mito.

Wakazi tukalalamika, watu wa machimbo wakatoa boza la kumwagia barabara maji. Kwenye kikao akatafutwa mtu wa kulifuatilia. Jirani yangu akasimama.

"Tumpe huyu. Lini mmemkosa nyumbani? Harusi ya mdogo wake, hapo Namtumbo tu, aliihudhuria kwa simu."

Nikapita bila kupingwa.

Basi nikawa nafuatilia nikiwa sebuleni, kwa masikio. Boza likinguruma, najua kazi imefanyika. Lakini Mama aliendelea kubanwa. Nikampigia msimamizi wa machimbo, nikamfokea kwamba maji yao hayatoshi.

"Umetoka nje ukaangalia, kaka?" akaniuliza kwa upole. Swali la kuudhi sana.

Nikatoka. Barabara yote ilikuwa imelowa, isipokuwa mbele ya kwetu: pakavu kama ugoro. Boza liliporudi mchana nikamwona dereva anamtazama Mama barazani, anafunga maji, anapunguza mwendo na kutoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeshindaje?"

Alipoipita nyumba, akafungua maji. Nikamkimbilia, nikamfikia nikihema kuliko mgonjwa mwenyewe.

"Mbona kwetu unafunga?"

"Sasa kaka, nimrushie bibi maji huku namwamkia? Kwetu mtu anachapwa kwa hilo."

Nikamwomba Mama awe anaingia ndani boza likija.

"Nikiingia ndani nani ataniamkia?" akasema. "Wewe, unayeniamkia kupitia ukutani, bado umejifunika shuka?"

Ikabidi nipatane na dereva. Boza likisikika, namwingiza Mama ndani. Dereva anamwaga maji mpaka kona, anaegesha, anarudi kwa miguu kumwamkia.

Haukupita muda Mama akaanza kulala kwa ubavu kama watu wengine. Pumzi ikamrudia, na yote akaielekeza kwangu: mtoto wa watu anatembea juani kila siku kuja kumsalimia yeye, na mimi, mwenye miguu mizima, sijaenda hata mara moja kumsalimia mama wa yule dereva.