Mkia wa Msafara

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na baiskeli yangu mwenyewe, ile nyeusi niliyokuwa nabebea mikungu ya ndizi kwenda sokoni. Nilikuwa nimeipaka grisi hadi kwenye kengele. Fundi Mkuu, mzee mnene mwenye ovaroli iliyochakaa magotini, akaizunguka mara mbili, kisha akaniuliza:

"Hii ndiyo utakayopandia Marangu?"

"Inapanda, fundi."

"Inapanda, au unaisukuma?"

Nikaipiga kengele kidogo, maana ukweli ni kwamba nilikuwa naisukuma. Akacheka mpaka akakohoa, akanipa kofia ngumu na brashi ya kusafishia cheni. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuwatembeza wageni kwa baiskeli kutoka Moshi mjini. Ninyi mnaoifanya leo, na kaptula zenu za kubana, mnadhani ilianza na ninyi. Haya, kaeni niwasimulie.

Karakana ilinifundisha adabu. Nilijifunza kunyoosha spoki moja moja huku gurudumu likizunguka mbele ya pua yangu. Nilijifunza kukwangua tyubu kwa msasa kabla ya kupaka solusheni, la sivyo kiraka kinabanduka njiani. Nilijifunza friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma, kwamba jino kubwa ndilo la kupandia mlima, na kwamba gia hubadilishwa kabla mlima haujaanza. "Ukisubiri mpaka umekwama, umeshachelewa," Fundi Mkuu alikuwa akinifokea. "Na ukishuka, breki bana, achia, bana, achia. Ukiing'ang'ania, rimu inapata moto, tyubu inapasuka, nami nitamwambia nini mama yako?"

Mama yangu alikuwa ameshafariki. Baba pia. Ndugu wa tumbo moja niliyebaki naye ni kaka yangu Anaeli, na huyo hatukuwa tunasemeshana.

Niwaeleze hilo mapema. Kwetu ni Mwika. Baba alipokufa aliacha kihamba, yaani shamba la ukoo la kahawa na migomba, na sisi wawili tukagawana. Mpaka ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ya kwenye ua, kama mjuavyo. Mwaka mmoja niliona masale yamesogea upande wangu. Anaeli akaapa hajayagusa, akasema mimi ndiye niliyeyasogeza usiku nikakosea upande. Jamani! Nani anajiibia shamba lake mwenyewe? Tukarushiana maneno mbele ya wazee wa kanisa, maneno mazito, nikafunga nyumba yangu nikashuka mjini. Nikawa naishi chumba kimoja Pasua.

Wachagga mtanisamehe, hili mnalijua, nawaeleza wasio wa huku: ukimkosea mtu, unafunga fundo jani la sale unampelekea, na yeye akishalipokea hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Basi mimi nikawa nangoja jani la Anaeli. Kumbe naye yuko juu kule anangoja langu. Miaka ikapita hivyo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa njia ya bondeni, ya Chekereni. Huko ni tambarare tupu, mashamba ya mpunga na mifereji, upepo wa mbele unakusukuma kifuani siku nzima. Wageni wanaona ndege weupe, wanapiga picha, wanatumbukia matopeni. Baadaye Meneja wa Misafara, mama mmoja mkali aliyetokea Mwanza, akaniita ofisini.

"Wewe unatoka juu huko. Nakupeleka njia ya ziwani."

"Njia gani, mama?"

"Himo, Marangu, Mwika, halafu mnakata kulia kushuka Ziwa Chala. Huitaki?"

Njia panda ya kukata kulia iko mlangoni kwa Anaeli, mlangoni hasa, pale nguzo za geti lake zilipo. Nikamjibu naitaka. Kazi ni kazi.

Akaniweka mkia. Mkia ni yule anayeendesha nyuma ya wote. Hampiti mtu, hata mgeni aende kama kobe. Mgeni akipata pancha, unabaki naye. Akitapika, unabaki naye. Kiongozi wa Mbele anapigiwa makofi, watoto wanamkimbilia, yeye ndiye anayewaonyesha wageni ziwa kwa mara ya kwanza, lile shimo la kijani chini ya kuta za mawe, wakapiga kelele za furaha. Mkia akifika, kelele zimeshakwisha, watu wanakula ndizi.

Ni kazi ya upweke, nawaambia ukweli. Asubuhi mpaka jioni unaona migongo. Wageni wanaongea mbele huko, upepo unakuletea nusu ya kicheko, hujui walichekea nini. Watoto nao wakishachoka kupunga mkono wanakuwa wameshaingia ndani wewe ukipita. Nikirudi Pasua nakuta chumba nilivyokiacha, kikombe pale pale mezani. Mke wangu alitangulia mapema, binti yetu akaolewa Dodoma. Kuna siku nilikuwa nikisema "nimerudi" kwa sauti nikifungua mlango, kisha najionea aibu.

Na kila Jumamosi nilipita getini kwa Anaeli. Nilikuwa nainamisha kichwa najifanya naangalia cheni.

Sasa, jani. Wageni wa njia ya ziwani walikuwa wanatawanyika, mwenye nguvu mbele, mchovu nyuma, na kwenye njia panda walikuwa wanapotea. Tulijaribu chaki, mvua ikaifuta. Tulifunga utepe mwekundu, kina mama wakaona umefaa kufungia mboga. Karatasi zililiwa na mbuzi. Ndipo mimi nikatoa wazo la sale. Liko kwenye kila ua, halinyauki upesi, na kubwa kuliko yote, hakuna Mchagga atakayeokota jani la sale lisilo lake. Unalifunga fundo lionekane, unalichomeka, ncha inaelekea upande wa kukata. Meneja akafurahi. Wazee wawili watatu walinung'unika kwamba sale si la kuchezea, nikawaambia sichezi, nafanya kazi.

Lakini njia panda moja niliiacha. Nilimwambia Kiongozi wa Mbele, kijana wa Singida, "Pale Mwika usiweke jani. Simama mwenyewe uwangoje." Akauliza kwa nini. Nikamjibu, "Nimekwambia simama." Na akawa anasimama.

Hadi Jumamosi moja. Tulikuwa na wageni wenye mbio, wako mbele wanamkimbia, kijana akaogopa kuwaacha washuke ule mteremko peke yao. Basi akakata jani kwenye ua wa Anaeli mwenyewe, akalifunga fundo, akalichomeka kwenye nguzo ya geti, akaondoka zake. Hakujua. Mtu wa Singida angejuaje?

Mimi nikaja nyuma, peke yangu kama kawaida. Nikainua macho nikaona mtu amesimama katikati ya barabara. Anaeli. Nywele zimekuwa nyeupe, sikuwa najua. Mkononi ameshika jani la sale lenye fundo.

Nilielewa palepale kilichotokea. Moyo unaniambia, mweleze upesi, mwambie hilo ni la wageni, wewe hukumwomba mtu msamaha, yeye ndiye aliyekukosea. Nikafungua mdomo.

"Eliamini," akasema. "Nimelipokea."

Nikaufunga mdomo. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba. Utashuka, au utaendelea kukaa juu ya hiyo baiskeli?"

Nikashuka. Tukashikana mikono, kisha akanivuta, nikamlilia begani mchana kweupe na kofia yangu ngumu kichwani. Wala sioni aibu kuwaambia. Alipoona nimetulia akasema, "Haya, kimbia. Wageni wako wawili, wale kina mama, wamenyoosha na lami kwenda Rombo. Nimewapigia kelele wakate kulia, wakanipungia mkono."

Niliwafukuza wale kina mama mpaka mapafu yakawaka. Meneja alinikaripia jioni, sikusikia hata neno moja.

Tangu hapo Jumapili zangu zikawa za Mwika. Nilikuwa nakuta mtori wa ndizi mezani, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kando yake, tunakunywa kwa zamu, tunamsema mchungaji kwa mahubiri yake marefu. Masale ya mpaka hatukuyagusa wala kuyataja. Na mimi sikumwambia kuhusu lile jani. Kila Jumapili nilisema nitamwambia, kila Jumapili nikaona chakula kitaharibika. Niliogopa kwamba akijua hakuombwa msamaha, tutarudi tulikotoka, na mimi chumba cha Pasua nilikuwa nimekichoka.

Anaeli alikufa wakati wa mavuno ya kahawa, baada ya kuugua kifua. Tukamzika kihambani karibu na baba. Watu walipoondoka matangani, nikabaki jikoni na shemeji yangu, Mama Ndeshi, tukiosha sufuria. Nikashindwa kuvumilia.

"Shemeji, lile jani. Sikuliweka mimi. Lilikuwa la kuonyesha wageni njia."

Akaniangalia kama nimepungukiwa akili. "Kwani yeye hakujua?"

"Alijua?"

"Yesu wangu, Eliamini! Majani yenu yalikuwa kila kona kuanzia Marangu, sisi tuna macho. Siku ile alimwona huyo kijana akilifunga. Akaniambia, Mama Ndeshi, leo limefika na kwangu. Nisipolichukua hili, yule mbishi hataniletea lingine mpaka tufe."

Nikakaa chini kwenye kigoda. Nikakumbuka: wakate kulia. Alijua kabisa wale kina mama walitakiwa kukata kulia.

"Na Jumamosi zote kabla ya hapo," shemeji akaendelea, mikono iko kwenye maji, "akisikia kengele za baiskeli zinaanza, anaacha chai yake anakwenda kusimama nyuma ya migomba. Hao wa mbele hana habari nao. Anamngoja wa mwisho. Ukishapita ndiyo anarudi ndani. Nilikuwa namtania, chai yako imeshakuwa maji ya mtoni."

Miaka yote ile, mimi kichwa chini, naangalia cheni.

Niliomba kustaafu msimu uliofuata, goti lilikuwa limeshakataa mlima. Meneja alinipa kofia mpya ya kumbukumbu, sijui niivae wapi. Nikarudi Mwika, nikafungua nyumba yangu. Nilichimba sale moja kwenye mstari ule tuliougombania, nikaipanda kaburini, miguuni kwa Anaeli. Imeshika vizuri. Jioni nampelekea shemeji maziwa, tunasalimiana, kila mtu anarudi kwake. Nyumba ni kimya.

Siku hizi wageni wanafuata simu, inawaambia kata kulia kwa sauti ya mwanamke, hakuna anayehitaji jani. Lakini misafara bado inapita Jumamosi. Nikisikia kengele naacha chai naenda getini kwa Anaeli. Jumamosi iliyopita mkia alikuwa dada mmoja, kainama, anaangalia cheni yake.

"Pole na kazi, mkia!" nikamwita.

Akainua kichwa, akashtuka. "Shikamoo, mzee. Umejuaje mimi ndiye mkia?"

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akacheka, akabadilisha gia, akakata kulia. Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia, kisha nikarudi ndani kwangu. Chai ilikuwa imeshapoa.