"Toca aqui": neno la Kireno lililomfanya mgonjwa wetu agomee mazoezi Kigoma

Wakuu, heshima zenu. Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na sehemu ya lawama ni yangu.

Miaka ile Warundi wanavuka kwa wingi, nilipata kibarua cha ukalimani kwenye kituo cha muda hapa Kigoma mjini. Mimi wa Ujiji. Kiha nimezaliwa nacho, Kirundi nakisikia vizuri, Kiingereza cha kujitetea.

Nikapewa nifanye kazi na Paulo, Mbrazili wa mazoezi ya viungo. Tulielewana kwa Kiingereza, ila akifurahi Kireno kinamtoka chenyewe.

Kulikuwa na mgonjwa, Mama Goreti, Mrundi aliyeelewa Kiswahili kidogo. Alivunjika mguu akiteremka mlima kuja Kagunga, kijiji cha mpakani. Mfupa ulishaunga, ila kutembea bila mkongojo aliogopa.

Siku hiyo akapiga hatua kumi na moja mikono mitupu. Paulo akaruka, akamnyooshea kiganja usoni: "Toca aqui!"

Sasa isome kwa sauti. Inasikika "toka aki".

Mama akaokota mkongojo, akaondoka.

Nilidhani jamaa kaokota Kiswahili mtaani na amechukia kitu. Nikaogopa kuuliza, nisije nikaonekana sijui kazi.

Siku tatu hakuja. Nikamfuata kwenye hema lake.

"Nimefukuzwa kwangu," akasema. "Na huyu naye ananiambia nitoke?"

Nikambana Paulo. Akashika kichwa. Kumbe toca ni gusa, aqui ni hapa. Alitaka wagonganishe viganja, ndiyo pongezi ya kwao.

Nikaapa neno lake la furaha halitanipita tena. Nikanunua daftari. Bate aqui, piga hapa. Parabéns, hongera. Palmas, makofi. Me dá um abraço, nikumbatie (hili nikamwambia kwa mama wa watu aliache kabisa). Nilikariri njia nzima nikirudi Ujiji kwa mguu, watu wananishangaa.

Nikarudi kwa mama kumweleza. Hakuniamini.

"Wewe unakula kwao. Aje mwenyewe."

Nikamfundisha Paulo neno moja tu la Kirundi. Akaenda, akakaa chini kwenye vumbi: "Mama, mbabarira." Yaani nisamehe.

Mama akanigeukia. "Mwambie kwetu kiganja kimoja ni cha kumzuia mtu. Akifurahi, apige makofi kama watu."

Kesho yake alikuja. Akaanguka mara mbili, akakataa kushikwa. Alipougusa ukuta wa upande wa pili, Paulo akapiga makofi, na waliokuwa kwenye foleni wakafuata.

Wiki chache baadaye yakaja mabasi ya kuwapeleka wakimbizi kambini. Mama alipanda ngazi ya basi mwenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine, polepole, watu nyuma wakimsubiri.

Nilichojifunza: nikisikia neno nisilolielewa, nauliza hapo hapo, hata kwa aibu. Zile siku tatu alizolala na uchungu hemani, nilikuwa na uwezo wa kuzizuia kwa swali moja.

Mliowahi kufanya kazi na wageni, ni neno gani liliwachonganisha na mlilimalizaje? Mwageni hapa, nasoma yote.