Doa Lililohama Pafu

Nawaambia mwenyewe kabla wifi yangu hajaitangaza habari hii Laela nzima.

Nilikwenda naye Sumbawanga kupigwa picha ya kifua, kuangaliwa kama nina saratani ya mapafu. Nikaambiwa nivue kila chuma, nibaki na khanga. Hata medali yangu ya Bikira Maria? Siku kama ile? Nikaifunga kwenye pindo, nikalichomeka kifuani, kulia.

Picha ikaonyesha doa jeupe la mviringo, pafu la kulia. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Daktari akasema turudie. Nikahamishia pindo kushoto, karibu na moyo, nikasali.

Picha ya pili ilipotoka, wifi akapiga kigelegele. "Kulia pamepona!"

Daktari hakucheka. "Na kushoto pameugua sasa hivi. Mama, hebu fungua hilo pindo."