Chungu Changu na Neno la Lusungu

Jani la mgomba likiloweshwa na kulazwa juu ya udongo mbichi hutoa harufu ya peke yake, kama mvua iliyofungiwa ndani ya nyumba. Nikiinusa, hata hapa Kyela mjini ninapouzia vyungu, namwona Lusungu, na wivu wangu wa zamani unaamka na kujinyoosha kama paka.

Lusungu alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo aliyeolewa Karonga, nchi ya jirani, ng'ambo ya mto Songwe. Mama yake alipougua, Lusungu aliletwa kwetu ufukweni mwa ziwa na mfuko mmoja wa nguo na Kiingereza kingi. Tuliwekwa darasa moja, la tano. Kabla hajaja, mtu wa Kiingereza nilikuwa mimi. Swali likiwa halijaisha, mkono wangu uko juu.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni: keep.

"Kutunza, mwalimu!" Nikakaa, nimetuna kama chura wa shamba la mpunga.

"Vizuri. Nani ana maana nyingine?"

Nyingine ya nini, jamani, wakati jibu limeshatoka? Lusungu akainuka taratibu. Akasema kwao sokoni mteja mkarimu husema keep the change, baki na chenji. Watoto wakipiga kelele kanisani huambiwa keep quiet, wanyamaze. Jirani yao anafuga mbuzi, basi he keeps goats. Na mtu akichoka njiani huambiwa keep going, asisimame. Darasa zima likampigia makofi. Mimi nilipiga kwa kidole kimoja.

Ya shuleni ningeyavumilia. Lakini mama! Mama yangu mfinyanzi, ambaye hajawahi kutamka hata "good morning", jioni ile alikuwa anakanyaga udongo akiimba, "Kipu goingi, wanangu, kipu goingi!" na kucheka mpaka machozi. Na Lusungu ameketi mkekani kuliani kwake, mahali pangu.

"Huyu mtoto ana mikono laini," mama akasema.

"Na yangu je?"

"Yako ina haraka, Tupo."

Nililala na hilo neno kifuani kama jiwe la moto.

Siku zile nilikuwa nimeanza chungu changu cha kwanza kikubwa. Mama aliahidi kikitoka motoni kizima, nitapanda naye mtumbwi hadi soko la Matema, nikakiuze mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza mdomo na mabega, bado kitako. Chungu cha nusu hufunikwa majani mabichi na kuloweshwa, maana kikikauka mapema kitako hakishiki tena. Basi mimi nikakiacha hivyo hivyo, bila jani wala maji, nikaomba ruhusa kwenda kwa bibi Ipyana kuvuna mpunga siku kadhaa. Huko shambani niliota mchana kweupe: chungu kimepasuka, mama analia, anasema hakuna kama Tupo. Nilikuwa tayari kukosa Matema ili nipate yale machozi.

Niliporudi, chungu kilikuwa nyuma ya nyumba, kimefunikwa majani yanayodondosha maji. Nilikigusa. Kilikuwa laini kama shavu.

"Nilimwambia Lusungu akimalizie yeye," mama akasema. "Kakataa. Asubuhi na jioni anakwenda ziwani na kopo lake."

"Nani kakutuma?" nikamgeukia Lusungu.

"Hakuna. Ni cha kwako, mimi nakitunza tu." Akasogea mkekani, akanipisha mahali pangu.

"Ndaga," nikamshukuru, kwa sauti ambayo hata nzi asingeisikia.

Nilikitia kitako, kikatoka motoni na doa jeusi shavuni, nikakiuza Matema nikiwa nimevimba kwa furaha. Masika yaliyofuata Lusungu alivuka Songwe kwenda kumzika mama yake.

Nilichelewa kuelewa. Kila jioni alikuwa akiwauliza wafanyabiashara waliovuka, "Mama anaendeleaje?" Mimi nilidhani anatafuta wa kuongea naye Kiingereza. Hakujua kama pale kwao, kando ya mama yake, bado pana nafasi ya kurudia. Na bado alikuwa akiteremka ziwani na kopo kwa ajili ya nafasi yangu.

Siku hizi akija kututembelea, mama, ambaye amezeeka, huanza kuimba "kipu goingi" akimwona tu njiani. Kifua kinanichoma kidogo, sikatai. Kisha mama anasogea upande wake wa mkeka, na mimi nasogea upande wangu. Pale katikati hapakaliwi na mtu mwingine ila Lusungu.